Mvukuto wa Mjomba, Miche ya Mama Mkwe

Jumapili, 2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, ile ya kupiga bati mpaka watu mnaongea kwa ishara. Sanduku la Mjomba lilikuwa limeshaingia ndani, kwa hiyo sina ugomvi na mvua. Inyeshe itakavyo.

Mjomba alikuwa mpiga picha maisha yake yote, tangu enzi za filamu, na ndiye aliyenifundisha kazi hii inayonilisha. Sasa anasema mikono inatetemeka, na vile vitu vyake vya kupigia picha za karibu sana anataka viende kwa mtu atakayevitumia, visiwe urithi wa mende. Ndani ya sanduku kuna pete za chuma za kurefusha lenzi, kuna pete nyingine ya kuifunga lenzi kinyumenyume, kuna vioo vya kukuzia vya kuvisha mbele kama miwani, na kuna mfalme wao wote, mvukuto. Ni kama mvukuto wa mhunzi, ila mdogo, wa ngozi nyeusi iliyokunjwakunjwa, unakaa kwenye reli katikati ya kamera na lenzi. Ukiuvuta, lenzi inasogea mbali na kamera, na kitu kidogo kinakuwa kikubwa. Hauna betri wala waya.

Kamera yangu ni ya kidijitali, mpya, bado ina harufu ya boksi. Mume wangu, fundi wa kuchomelea anayejiona bingwa wa kila kilicho cha chuma, alivitazama vyote viwili akatikisa kichwa.

"Mama Picha, kamera kigoli hivi unaiozesha kwa babu?"

Nikamwambia ya kale ni dhahabu. Akasema dhahabu haishiki kutu. Tukaenda kula.

Jumatatu, 3 Machi

Kamera imegoma. Pete ya kuunganishia imeingia, mvukuto umekaa, lenzi ya Mjomba imekaa, nabonyeza, kimya. Inaniandikia kwenye kioo chake kwamba haina lenzi. Lenzi hiyo hapo inanitazama! Nimehangaika asubuhi nzima, hadi nilipogundua mahali pa kuiamuru ipige hata kama haioni lenzi. Ikapiga. Mimi nikiamua jambo, mashine haina budi kunisikiliza.

Alhamisi, 6 Machi

Wateja hawaji kwenye mvua, kwa hiyo nimecheza. Chembe ya chumvi imekuwa jiwe la kioo. Uzi wa kola ya mume wangu umekuwa kamba ya kufungia ng'ombe. Sisimizi alikataa kutulia, nikamsamehe. Taabu ni kwamba panapoonekana vizuri ni pembamba mno. Ukilipata jicho la sisimizi, kichwa chote kilichobaki ni ukungu. Ukivuta pumzi tu, picha imeharibika.

Nilipochoka na vya ndani, nikaenda nyuma ya nyumba kwa mama mkwe. Yeye anaotesha miche ya nyanya chini ya kibanda cha nailoni, meza mbili ndefu zilizojaa trei. Mvua zikishakolea, wenye bustani wa mitaa yote hii huja kuichukua kwake, na jina lake la sokoni ni Bibi Miche. Nyanya zake haziuzwi dukani kwa sababu hakuna duka lenye mbegu yake. Amekuwa akiichagua mwenyewe tangu mume wangu akiwa mtoto wa kubebwa: tunda bora analiacha liivie shinani, analikamua, anakausha. Kila mwaka huweka akiba kidogo. Mwaka jana gudulia la akiba liliingia unyevu, mbegu zikafanya ukungu, na zilizobaki salama amezisia zote msimu huu.

"Kwa hiyo kama hizi meza mbili zikipatwa na jambo?" nikamuuliza.

"Basi nyanya yangu imekwisha, mwanangu. Haina ndugu mahali pengine."

Nikapiga jani moja, nikamwonyesha. Akavaa miwani, akasogeza kichwa mbele, akakirudisha nyuma.

"Haya manyoya ni ya nini?"

"Ni ya jani lako, Mama."

"Miaka yote nalea viumbe wenye ndevu, na hakuna aliyeniambia."

Alicheka hadi akashika meza. Tangu niolewe katika nyumba hii, mama mkwe amenitendea mema tupu, lakini kazi yangu hakuwahi kuitia maanani. Kwake yeye, mpiga picha ni mtu wa kuwaambia watu wazima wacheke. Leo ameniomba nimpigie jani jingine. Nalala na furaha yangu.

Jumanne, 11 Machi

Mjomba amekuja kukagua. Alivua viatu, akavaa tabasamu, akaketi mbele ya mvukuto kama mtu aliyekutana na rafiki wa shule.

Amenifundisha mambo mawili. La kwanza: nikitaka jani zima lionekane vizuri, siyo unywele mmoja tu, nilifinye tundu la lenzi hadi mwisho, kisha niongeze taa, kwa sababu tundu likifinywa giza linaingia. La pili ni la mvukuto wenyewe.

"Msimu wa mvua, mpwa wangu, mvukuto unashika unyevu tumboni. Kabla ya kupiga, upumulishe. Vuta, rudisha, vuta, rudisha. Mimi nimefanya hivyo maisha yangu yote na picha zangu unazijua."

Nazijua. Picha zake za nyuki zilining'inizwa ukutani kwenye benki. Nimeupumulisha mpaka akaniambia basi.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Picha za pasipoti, watu wawili, wote wamenuna.

Jumatatu, 17 Machi

Kuna habari mbaya. Vitalu vya kule mteremkoni vimeingiliwa na ugonjwa wa madoa. Unaanza na kidoa kidogo, wiki haiishi jani limekauka, na ukiingia kwenye kitalu unakimaliza.

Bwana shamba amekuja na mwavuli wake. Huyu bwana nimempa jina la Bwana Polepole, maana ukimuuliza saa atakwambia tusubiri kwanza. Alizunguka meza zote mbili akigeuza majani.

"Sioni kitu, Mama. Lakini doa likianza huwa dogo, jicho halilipati. Tuendelee kutazama."

Alipoondoka, mama mkwe alinigeukia.

"Hiyo mashine yako inaliona doa ambalo jicho halilioni?"

"Mama, hii inaona hata dhambi."

Akacheka kidogo. Kisha akasema, bila kucheka, "Basi nitazamie." Nilijisikia nimerefuka.

Jumatano, 19 Machi

Nimepiga majani ya trei zote, jani moja kwa kila trei. Tundu nimeliacha wazi kwa sababu taa yangu kubwa iko kwa fundi. Majani safi, yana ndevu zake tu. Mama amelala mchana kwa mara ya kwanza tangu habari zile zije.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua kutwa. Mume wangu ametengeneza stendi ya chuma ya mvukuto, nzito kama nanga. Anataka asifiwe. Nimemsifu.

Jumatatu, 24 Machi

Taa imerudi. Leo nimefanya kazi kama Mjomba: nimepumulisha mvukuto, nimefinya tundu hadi mwisho, nimewasha taa. Nimeanza na meza ya kwanza, na jani zima limeonekana, mshipa kwa mshipa.

Na kuna madoa.

Nimetazama mara nyingi. Ni vidoa vya duara, vya kijivu, kingo zake zimefifia kidogo, viko juu upande wa kushoto. Nikapiga jani la trei ya pili: vipo. La tatu: vipo. Wiki iliyopita havikuwepo, picha ninazo. Nimefikiri sana kwa nini viwe upande mmoja, nikapata jibu: mvua hii inakuja na upepo kutoka upande wa barabara, na meza zinaelekea barabara. Inarusha ugonjwa kwenye upande ule ule wa kila jani.

Sijamwambia bado. Kesho kutwa nitapiga tena, niwe na uhakika.

Jumatano, 26 Machi

Nimepumulisha vizuri zaidi, nimepiga tena. Madoa yameongezeka, na mapya yamefika katikati. Nimemwambia.

Alitazama picha, akatazama majani, akatazama picha. Alilichuma jani lenyewe, akalinyoosha kwenye mwanga, akaligeuza.

"Mimi hapa naona jani zima."

"Ni dogo mno kwa macho, Mama. Ndiyo maana uliniomba."

Bwana Polepole amekuja, akaikubali picha kwa kichwa na kuikataa kwa mdomo. "Ni picha nzuri sana, dada. Lakini madoa ya ugonjwa ninayoyajua yana kingo kali, haya yamekaa kama moshi. Nipeni majani niyapeleke maabara."

"Majibu yatakuja lini?"

"Daraja limefunikwa na maji. Tusubiri kwanza."

Tusubiri! Nilimwambia mbele ya Mama kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwamba akisubiri yeye, ugonjwa hausubiri. Aliweka majani kwenye mfuko wake, akafunga, akaaga kwa heshima. Mimi nilibaki nimesimama na kamera kifuani. Najua ninachokiona.

Ijumaa, 28 Machi

Tumeteketeza meza ya kwanza.

Mimi ndiye niliyesema. Nilisema tukiitoa hii niliyoipiga na kuona madoa, tutaiokoa ya pili. Mama hakubisha. Alifunga kitambaa kichwani, akaanza kung'oa mwenyewe, mche mmoja mmoja, udongo anaukung'uta kwenye trei kana kwamba miche hiyo itarudi. Nilipotaka kumsaidia alisema, "Acha, mwanangu. Nimeisia mimi." Mume wangu aliwasha moto kwenye pipa lake la karakana. Miche mibichi haiungui, inatoa moshi, ikambidi atie mafuta. Hakutania hata mara moja.

Mama alikaa kwenye ngazi ya jikoni akiutazama moshi. Aliniambia, "Bora nina mtu anayeona," akanishika mkono. Nilisikia uchungu na fahari pamoja, na sioni haya kuiandika hiyo ya pili.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua.

Jumatano, 2 Aprili

Meza ya pili ina madoa. Pale pale, juu kushoto na katikati, na mengine mawili chini. Nimekaa nayo asubuhi nzima kabla ya kwenda kwake.

Alinisikiliza amesimama. Akauliza kama kuna njia yoyote ya kuacha hata trei moja. Nikamwambia ukweli wangu: trei moja yenye ugonjwa ikichukuliwa na mtu, itaua bustani yake na za majirani zake. Yeye ni Bibi Miche, watu humwamini. Akafikiri sana.

"Basi Jumamosi. Nipe siku hizi mbili nikae nayo."

Bwana Polepole amepita, daraja bado. Ameomba tusubiri majibu ya maabara. Mama akanitazama mimi. Nami nikasema, "Tuna picha."

Jumamosi, 5 Aprili

Sijui nianzie wapi, basi nianzie asubuhi.

Mvua ilikuwa imepumzika. Mume wangu ameliweka pipa tayari. Mama ametoka na kitambaa chake kichwani, akapita kando ya meza, akauinua mche mmoja na udongo wake, ule mnene kuliko yote, akaniambia, "Nipige picha kabla hatujaanza. Mkono wangu na mche. Karibu, kama unavyopiga. Nataka iwepo."

Nilipenda aliponiomba hivyo. Nikaleta stendi na mvukuto. Nikaupumulisha, nikafinya tundu, nikawasha taa. Nikamwambia aweke kidole gumba kwenye jani, atulie. Kwa ukaribu ule kidole kiliziba karibu picha nzima, jani likabaki kipande tu pembeni. Nikapiga. Nikatazama kwenye kioo.

Kidole cha Mama kilikuwa na madoa. Vidoa vya duara, vya kijivu, vimekaa kama moshi. Juu kushoto kwenye ukucha. Katikati kwenye ngozi. Viwili chini.

Nilikishika kidole chenyewe, nikakitazama. Kilikuwa kidole safi chenye udongo kwenye pembe ya ukucha.

"Nini?" akauliza.

Nilielekeza kamera kwenye ukuta mweupe wa jikoni, nikapiga. Ukuta ulikuwa na madoa. Nikaielekeza mawinguni. Mawingu yalikuwa na madoa, mahali pale pale, kila moja kwenye kiti chake. Hapo nikaelewa yote kwa mpigo. Vumbi. Mvukuto umekaa sandukuni miaka, tumboni umejaa vumbi la ngozi iliyochakaa, na mimi kila siku nimekuwa nikiupumulisha, nalipuliza ndani ya kamera, kwenye kile kioo kidogo kinachopokea picha. Tundu likiwa wazi vumbi halionekani. Ukilifinya, kila punje inaweka kivuli. Sikuwa nimepiga picha ya ugonjwa hata siku moja. Nilikuwa nimepiga picha ya vumbi la Mjomba, nikaisomea miche ya watu hukumu.

Hapa nitaandika jambo ambalo sitamwambia mtu. Kulikuwa na mlango wa kutokea. Ningeweza kusema, "Mama, naona haya yamepona, tusubiri maabara." Meza ya pili ingesalia. Meza ya kwanza ingebaki kuwa ya ugonjwa, na mimi ningebaki kuwa mtu anayeona. Hakuna ambaye angejua. Mume wangu alikuwa ameshika kiberiti, Mama ameshika mche, wote wawili wananingoja mimi.

Nikasema, "Mama, usiing'oe. Haina kitu. Hata ile ya kwanza haikuwa na kitu. Madoa yako ndani ya kamera yangu."

Hakuelewa. Nikamwonyesha kidole, ukuta, mawingu, jani. Nilimwonyesha moja moja na kumweleza kwa maneno rahisi, kwa sababu nilijua nikikaa kimya hata kidogo nitalia, na zamu ya kulia haikuwa yangu. Alitazama zote.

"Kwa hiyo meza ile niliichoma ikiwa nzima."

"Ndiyo, Mama. Ni kosa langu. Uliniuliza kama naona, nikakwambia naona."

Mume wangu akasema, "Mama, yeye alitaka tu ku..." Mama akamwinulia mkono anyamaze. Aliurudisha mche kwenye trei, akaushindilia udongo kwa vidole viwili, akaumwagilia kidogo. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango polepole. Ningependa angeubamiza.

Jumapili, 6 Aprili

Nimempigia Mjomba simu. Nikamweleza yote.

"Mpwa wangu, filamu ilikuwa inasogea. Kila picha kipande chake kipya. Vumbi likitua, linaondoka na picha hiyo, basi. Sikuwaza kwamba kamera yako ina kioo kimoja tu, kinakaa pale pale siku zote. Nimekufundisha kwa kamera yangu, siyo yako."

Akataka kuja kumwomba radhi Mama. Nilimkatalia. Yeye alinipa mvukuto, hakunipa ule mdomo wa kusema tuna picha. Nilidhani Mjomba anajua kila kitu. Anajua sana kitu kimoja, cha wakati wake, na bado nampenda vile vile.

Jumatano, 9 Aprili

Shikamoo, marahaba. Ndiyo mazungumzo yetu yote. Mvua.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimeusafisha mvukuto. Nimeufungua, nimeufuta mikunjo yote kwa kitambaa chenye unyevu, nimeuacha ukauke. Kamera nimeisafisha kwa kipulizio cha mpira na vile vijiti vyake maalumu. Nimepiga ukuta mweupe: ukuta mweupe. Nimepiga tena hadi nikachoka na weupe wake. Sitaitupa kazi hii. Kosa lilikuwa langu, na mtu mwenye kosa ndiye mwenye kujua pa kulirekebisha.

Jumatatu, 14 Aprili

Daraja limefunguka. Bwana Polepole ameleta majibu: majani safi. Nilimsubiri mlangoni nikamwambia mwenyewe, kabla hajasikia kwa wengine, kwamba yeye alikuwa sahihi na mimi nilimdharau. Akaona haya kuliko mimi.

"Dada, hata mimi sikuwa na uhakika. Ndiyo maana nilisema tusubiri."

Nimemwondolea jina nililompa. Kwenye shajara hii sasa ni Bwana Shamba.

Jumanne, 15 Aprili

Wenye bustani wamekuja kuchukua miche, wamejaa kwenye ua na ndoo zao. Mama akawaambia mwaka huu hatoi. Meza moja imeteketea, na iliyobaki ataipanda yote mwenyewe kwa ajili ya mbegu. Mmoja wao, muuza mboga mwenye sauti kubwa, akasema, "Tumesikia ni mkweo aliyekudanganya na kamera yake."

Nilikuwa jikoni, dirisha liko wazi. Nikaacha nilichokuwa nikifanya.

Mama akasema, "Hakunidanganya. Alikosea, akaja kuniambia mwenyewe, na moto wa meza ya pili ulikuwa haujawashwa. Kung'oa niling'oa mimi. Nililishika lile jani nikaliona zima, kwa macho yangu haya. Nikayaacha macho yangu nikaenda na picha. Hilo ni la kwangu."

Watu wakaondoka na ndoo tupu. Mama aliingia jikoni, akanikuta nimesimama katikati ya sakafu.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua, Mama."

"Sawa. Weka chai."

Nimeweka chai. Tumekunywa. Miaka yote nilitaka aone kazi yangu, na sikuwa nimemtazama yeye vizuri hata siku moja.

Jumanne, 22 Aprili

Tumepanda. Matuta yote ya nyuma, mvua nyepesi mgongoni, mume wangu akichimba vishimo na kudai kwamba chuma hakisumbui kama udongo. Mama alimwambia chuma hakizai. Amecheka. Amecheka!

Jumapili, 27 Aprili

Mvua. Miche imeshika. Mteja mmoja wa pasipoti, alicheka bila kuambiwa.

Jumamosi, 3 Mei

Asubuhi Mama alinigongea dirisha la studio. Hajawahi kuja huku tangu siku ile.

"Kuna jani silielewi. Njoo na mashine yako."

Nilimtazama nijue kama nimemsikia vizuri. Alikuwa ameshageuka, anatangulia.

Mche wenyewe uko mwisho wa tuta la pili, karibu na mfereji. Kwenye jani la chini kulikuwa na kitu cheusi, kidogo kama ncha ya sindano. Bwana Shamba yuko safarini, na mvua ilikuwa inajikusanya tena upande wa barabara. Kama ni ugonjwa, mvua ikipiga itaurusha kwenye tuta zima, na matuta haya ndiyo nyanya yote ya Mama iliyobaki.

Safari hii sikuupumulisha mvukuto. Nilipiga kwanza kitambaa cheupe nilichokuja nacho: cheupe. Nikapiga jani. Doa lipo, kingo zake kali, katikati pamezama, pembeni pana duara la manjano. Kisha nikaigeuza kamera ubavu, nikalipiga jani lile lile tena. Doa la vumbi lingeganda pale pale kwenye picha. Hili liligeuka pamoja na jani. Nikapiga mche unaofuata, jani kwa jani, juu na chini, na ule wa upande wa pili pia. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mama, huu ni ugonjwa wa kweli."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Nilimgeuzia kamera aone. Hakuitazama. Alinitazama mimi usoni, muda mrefu, kama anavyotazama trei kabla ya kumpa mtu. Kisha akainama, akaushika mche shinani, akaung'oa na udongo wake wote, akautia kwenye mfuko, akafunga.

Tone la kwanza la mvua lilianguka kwenye mkono wake. Akaonyesha mche wa jirani, uliokuwa umegusana majani na ule aliokwisha kuung'oa.

"Na huu?"

"Huo mzima, Mama."

Akauacha.